Ukitaka Kumjua Senta, Mtazame Miguu

Wapenzi wengi wa mpira wa kikapu humpima senta kwa futi. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alikuwa nazo saba na inchi tatu, na mwaka 2009 Memphis Grizzlies walimchagua wa pili katika drafti ya NBA, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Mechi yake ya mwisho katika ligi hiyo aliicheza mwaka 2014. Kimo humfikisha mtu mlangoni tu.

Anza na miguu. Kipimo changu ni Hakeem Olajuwon, kijana wa Lagos aliyecheza mpira wa mikono na kudaka golini kwenye soka kabla hajaujua mchezo huu. Tafuta video za Houston Rockets na San Antonio Spurs za mwaka 1995, uusahau mpira kidogo. Olajuwon anapokea akiwa amekipa kikapu mgongo. Anainamisha bega la kulia, David Robinson wa Spurs anaruka, kumbe mwenzake kashageukia kushoto na kupita chini ya mkono wake. Robinson ndiye aliyekuwa ametoka kutajwa mchezaji bora wa msimu! Senta wa aina hii hupima kwa mgongo uzito wa mlinzi umelalia upande gani, ndipo ageuke. Asiyeiva hudundadunda mpira akitafuta njia, na mlinzi wa pili anamkuta palepale.

Kwenye ulinzi, takwimu za mipira iliyozuiwa zisikulevye. NBA ilianza kuzihesabu msimu wa 1973–74, Bill Russell akiwa ameshastaafu na mataji 11 katika misimu 13. Sifa yake ilikuwa kuuzuia mpira ukabaki uwanjani, mara nyingi mikononi mwa Boston Celtics wenzake. Anayeupiga ukaenda kwa watazamaji hushangiliwa, lakini wapinzani wanarudishiwa mpira uleule. Mimi simpi alama.

Dikembe Mutombo wa Kinshasa alizuia mipira 3,289, nyuma ya Olajuwon peke yake mwenye 3,830. Watu wanakumbuka kidole chake cha kukataza, ambacho hata waamuzi walikichoka. Mimi nilipenda zaidi mitupo isiyotupwa: mchezaji anaingia kasi, anamwona, anageuza njia kama aliyesahau kitu nyumbani. Hiyo haiingii katika takwimu yoyote, nawe usipoangalia mbali na mpira hutaiona kamwe.

Pasi na mitupo huru ni vya kuangalia pia, ingawa senta mbovu wa mitupo huru anaweza kuvumiliwa. Mvivu wa kurudi nyuma kulinda havumiliki.

Ukipata tiketi ya ligi ya Afrika, BAL, inapochezwa Kigali, kaa nyuma ya goli. Viti vya pembeni vinaonyesha mbio. Vya nyuma vinaonyesha nyonga, na nyonga ndizo zinazotangulia kugeuka.