Fumbo la Maneno na Haki ya Msomaji: Mfano wa Colin Dexter

Wahakiki wengi huitenga riwaya ya upelelezi na fasihi, wakidai kuwa ni mchezo wa kupitishia wakati, sawa na fumbo la maneno linalojazwa katika miraba ya gazeti. Katika makala haya mafupi tunaukubali ulinganisho huo, ila tunaikataa hukumu inayotokana nao. Tunashikilia kwamba, nchini Uingereza, fumbo la gazeti liliwafunza waandishi wa riwaya pendwa wajibu mmoja mzito: kumpoteza msomaji njia bila kumdhulumu.

Fumbo la kwanza la aina hii lilichapwa New York tarehe 21 Desemba 1913, nalo lilitungwa na Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool. Waingereza walipolipokea waliligeuza. Katika gazeti la Observer, Edward Powys Mathers, aliyejiita Torquemada, alitunga mafumbo tangu 1926 hadi alipofariki mwaka 1939. Naye ndiye aliyehakiki pia riwaya za upelelezi katika gazeti hilohilo. Mrithi wake, D. S. Macnutt, yaani Ximenes, alieleza kanuni katika kitabu chake cha 1966: kidokezo kitoe maana sahihi ya neno, kiwe na mchezo halali unaolijenga neno hilo, na kisiwe na ziada yoyote.

Tutoe mfano wetu wenyewe kwa Kiswahili: “Uchafu uliopinduka, chombo cha kuchotea maji.” Jibu ni *kata*. Nusu ya pili ni maana yake. Nusu ya kwanza ni *taka* iliyogeuzwa. Msomaji anaduwaa, lakini hakuna neno lililomwongopea. Tuzingatie kuwa hapa tumegeuza silabi, si herufi, kama wafanyavyo wasemao kinyume. Tungegeuza herufi moja moja tungepata *akat*, umbo lisilokubalika katika lugha ambayo silabi zake aghalabu huishia kwa irabu.

Colin Dexter (1930–2017) alilelewa na kanuni hizo. Alikuwa mwalimu wa Kigiriki na Kilatini, akaacha kufundisha mwaka 1966 kwa sababu ya uziwi, akafanya kazi katika idara ya mitihani huko Oxford. Alishiriki kwa bidii mashindano ya kutunga vidokezo katika Observer, na kutoka kwa washindani wenzake akachukua majina ya mashujaa wake, Morse na Lewis. Kati ya 1975 na 1999 alichapisha riwaya 13 za Morse.

Riwaya inayotuhusu zaidi sisi wanaisimu ni *The Silent World of Nicholas Quinn* (1977). Quinn ni kiziwi, husoma midomo ya wasemaji. Ufumbuzi unategemea jambo ambalo mwanafunzi wa fonetiki wa mwaka wa kwanza analijua: konsonanti za midomo, kama vile *p*, *b* na *m*, hufanana machoni ingawa hutofautiana masikioni. Mwandishi haufichi ukweli huo. Ameuweka mbele yetu, nasi tunaupita. Huo ndio uaminifu wa Ximenes uliohamia katika hadithi.

Hata hivyo, ulinganisho una mpaka. Katika jedwali, herufi za neno moja husahihisha kosa la neno linalolikata. Katika maisha hakuna miraba, na ndiyo maana Morse hukosea mara nyingi kabla ya kupata. Hapo Dexter anafaulu kama mwandishi wa riwaya. Hushindwa pale anapowafanya watu kuwa vidokezo tu: katika vitabu vyake vya mwanzo, wanawake hasa huonekana kama mafumbo ya kufumbuliwa na mwanamume mwerevu, wala hawapewi nafsi zao.

Kwa hiyo, mwanafunzi atakayejaribu kumfasiri Dexter asihangaike kuhamisha herufi za Kiingereza. Ahamishe mkataba: aunde upya mchezo kwa silabi za Kiswahili, na achunge msomaji asinyimwe chochote kinachohitajika ili kufumbua. Waliozoea vitendawili wanaujua mkataba huo. Asemaye “tega” ana haki ya kutegewa kitu kinachoweza kuteguliwa.