Maana 645 za 'Run': Wingi wa Maana au Wingi wa Hesabu?

Kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford ilipokamilika mwaka 1928, neno lililochukua nafasi ndefu kuliko yote lilikuwa 'set'. Mwaka 2011 ilielezwa kwamba nafasi hiyo imetwaliwa na 'run', ambalo kwa kitenzi peke yake limehesabiwa maana 645. Hesabu hiyo hutajwa kuwa ushahidi wa utajiri wa Kiingereza. Na wapo miongoni mwetu wanaoigeuza kuwa ushahidi wa ufukara wa Kiswahili, ati kwa sababu hatuna neno moja la kulikabili. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba hoja hiyo haina msingi, na kwamba inawaponza wafasiri wetu.

Kwanza tuangalie ni nini kilichohesabiwa. Kwa Kiingereza, mwanariadha, mto, rangi ya kitambaa, mwenye duka na mtaka ubunge wote hupewa kitenzi hicho kimoja. Kwa Kiswahili mwanariadha hukimbia, mto hutiririka, rangi huchuja, duka huendeshwa na ubunge hugombewa. Ni dhahiri kwamba hapa hakuna jambo moja lisilosemeka kwetu. Tofauti ni kwamba mzigo uliobebwa na neno moja kule, huku umegawanywa kwa maneno kadhaa.

Pili, hesabu yenyewe inategemea umbo la lugha. Kiingereza hakibadili kitenzi hiki mtu anapokimbia mwenyewe au anapokifanya kitu kingine kiende. Basi mtunga kamusi hana budi kuandika maana mbili chini ya neno moja. Kiswahili hutumia viambishi: enda, endesha, endeshwa, kimbia, kimbiza, kimbilia. Kile ambacho kwao ni maana mpya, kwetu aghalabu ni mnyambuliko. Kulinganisha idadi hizi mbili ni sawa na kupima nafaka kwa pishi na kitambaa kwa dhiraa, kisha kuuliza ni kipi kilicho kingi zaidi.

Anayetaka kuhakikisha na atazame kitenzi chetu 'piga'. Twapiga simu, pasi, picha, kura, hodi, magoti na mbizi. Kama matumizi hayo yote yangepewa nambari moja moja, orodha ingekuwa ndefu mno; lakini sisi huyaita nahau, wala hatujivunii.

Madhara ya hoja hii huonekana darasani. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba 'run' kimsingi ni kukimbia, akitaka kumtaja mzee mwenye hoteli yake, huweza kuandika: "Baba yake anakimbia hoteli." Sentensi hiyo ni Kiswahili sahihi, lakini inasema kwamba mzee anaikwepa hoteli. Kosa halikutokana na upungufu wa msamiati. Mwanafunzi anajua neno 'endesha' tangu utotoni. Limetokana na kulitafuta neno kabla ya kuitafuta maana.

Hata hivyo, haki itendeke. Mzungumzaji wa Kiingereza huhisi udugu kati ya baadhi ya maana hizo, hasa mwendo usiokatika, na mwandishi wake huweza kuchezea maana mbili kwa neno moja. Hapo mfasiri wa Kiswahili hulazimika kuchagua moja na kuiacha nyingine. Hiyo ni hasara ya kweli, wala haifai kufichwa. Lakini mfasiri wa Kiingereza naye hupata hasara hiyo hiyo mbele ya 'piga'.

Kwa hiyo kamusi zetu za lugha mbili zisitosheke na kupanga visawe vikitenganishwa kwa mkato. Kila kisawe kitanguliwe na jamaa zake: ni nani atendaye, na ni kitu gani kitendwacho. Neno fupi halina maana 645 likiwa peke yake. Huzipata kwa majirani zake. Mwalimu anayeanza na majirani hao atakuwa amemwepusha mwanafunzi na ile hoteli inayokimbiwa.