Juu ya Majina ya Wahaya katika Daftari

Yapo mabishano ya siku nyingi kati ya waalimu wa Kamachumu na pande zote za Bukoba: je, sahihi ni Rweyemamu au Lweyemamu? Mulokozi au Mlokozi? Watetezi wa R husema kwamba ndiyo ya wenyeji, na L ni ya wageni. Hatuwezi kuikubali hukumu hiyo. Kihaya hakitenganishi maneno kwa sauti hizo mbili. Aliyeandika kwanza aliandika kama sikio lake lilivyozoea. Neno la Mu ni jingine, na hapo twasimama na wenyeji, maana kuikata u ni desturi ya Kiswahili. Hata F. X. Lwamugira, mtungaji wa Amakuru ga Kiziba (1949), ameandikwa mara nyingi Lwamgira.

Walakini kosa kubwa limo penginepo. Kwa desturi ya kale jina la Mhaya lilikuwa lake mwenyewe. Rweyemamu aliweza kumwita binti yake Kokushubira na mwanawe Mulokozi, wala jina la baba halikuwafuata. Kilichowafuata ni oruganda, yaani ukoo, pamoja na omuziro wake, kama tumbili kwa Bahinda. Daftari za ubatizo na za shule zilitaka jina la pili. Likaandikwa la baba, na oruganda ukaachwa nje.

Wachina waliohamia ng'ambo walipatwa na kinyume chake. Kwao jina la ukoo hurithiwa kweli, nalo huandikwa kwa alama moja; lakini alama ile ile, kwa matamshi ya jimbo na mkono wa karani, imekuwa Chen, au Chan huko Hong Kong, au Tan huko Singapore. Kwa mila yao ya kale Chan hangemwoa binti wa Tan. Karani wa bandarini angewadhani watu mbali.

Kwetu, wawili walioandikwa Rweyemamu huenda hawana undugu wowote, na wana wa Rweyemamu na wa Kaijage wakawa oruganda mmoja, ambao mila ilikataza waoane. Padre akitegemea daftari tu atamzuia asiyezuiliwa na kumruhusu aliyezuiliwa. Na mashauri ya urithi wa kibanja je?

Twaomba iongezwe safu moja ya oruganda na omuziro, na wazee waulizwe wangali hai. Ya R na L, kila mtu na aandike kama baba yake alivyoandika.