Rasimu Kabla ya Kiunzi

Wengi wetu tuliosoma Kiswahili nchini Uganda tulifundishwa insha kwa visanduku vitatu: utangulizi, mwili na hitimisho. Mwalimu huandika mada ubaoni, huchora kiunzi, nasi hujaza. Sipingi kwamba insha inahitaji mpangilio. Ninachopinga ni wakati mpangilio huo unapodaiwa.

Nilipokuwa katika mazoezi ya ualimu niliwapa kidato cha pili mada "Soko Letu", nikadai kiunzi kwanza, kama nilivyodaiwa mimi. Karibu insha zote zilianza kwa kueleza kwamba soko ni mahali pa kuuzia na kununulia bidhaa. Zikaja faida, kisha hasara. Ungeweza kuondoa neno "soko", ukaweka "hospitali", na insha isingetikisika.

Msichana mmoja aliandika sentensi tatu tu. Nilipomuuliza sababu, alijibu kwa sauti ya chini, "Mwalimu, ninayoyajua hayaingii hapo." Tukaketi nje, akanisimulia kwa Kiganda na Kiswahili. Mama yake huuza nyanya. Kila jioni zile zilizoanza kulainika hutengwa na kupangwa mafungu ya bei ya chini. Kazi ya kuchagua ni yake, na akikosea, hasara huingia kwenye ada yake ya shule. Nikamwambia aandike hayo hayo. Neno lisilomjia kwa Kiswahili aliweke kwa Kiganda, asonge mbele.

Rasimu ilikuja na makosa mengi. Katika Kiganda l na r hazitofautishi maana, basi aliandika "biashala" na "bei lahisi". Nikashika kalamu nyekundu na kusahihisha kila kitu. Rasimu ya pili ilikuwa nusu ya ile ya kwanza: tahajia safi, upatanisho wa kisarufi safi, na mafungu ya nyanya hayamo. Alikuwa ameacha kila sentensi niliyoigusa. Kosa hilo lilikuwa langu.

Tukairudia rasimu ya kwanza. Tuliinakili, tukaikata kwa mkasi aya kwa aya, akavipanga vipande juu ya dawati apendavyo. Habari ya ada aliiweka mwisho. Mimi ningeianza nayo, na ningeiharibu. Tahajia tuliishughulikia baadaye kabisa.

Wapo watakaosema mtihani hausubiri mkasi. Ni kweli, na ndani ya chumba cha mtihani kiunzi humwokoa mtu. Lakini mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari, na wengi wa wanafunzi hao watakuja na Kiswahili kichache kuliko cha huyu. Tukianza na visanduku, watatuandikia maana ya soko.

Utangulizi wake aliuandika mwisho kabisa. Ni sentensi moja: ameinama juu ya kasha jioni, anabonyeza nyanya moja moja kwa kidole gumba.