Dawa ya Kunyunyizia na Mavuno ya Artemisia

Artemisinini, kiini cha dawa mseto ya malaria, haikuenea sawasawa katika mmea wa Artemisia annua. Hutengenezwa na kuhifadhiwa ndani ya vinyweleo vyenye tezi juu ya majani na maua. Shina lina kidogo mno. Katika jani kavu kiwango chake huwa takriban asilimia 0.1 hadi 1.5, kutegemea mbegu na mazingira. Homoni ya mimea inayonyunyiziwa shambani ili kuongeza artemisinini basi hupimwa kwa mambo mawili: wingi wa majani na utajiri wa tezi.

Homoni iliyojaribiwa sana ni asidi ya jibereliki. Kwa kuwa huyeyuka kwa shida majini, huyeyushwa kwanza katika alkoholi kidogo, kisha huongezwa maji na kinatishio ili matone yashike kwenye jani. Hunyunyizwa asubuhi au jioni, matone yasikauke upesi. Mimea ya kulinganishia nayo hupewa maji yenye alkoholi na kinatishio vilevile. Bila hivyo haijulikani ni kipi kilichofanya kazi.

Jibereliki hurefusha shina, na majaribio kadhaa yameonyesha ongezeko la artemisinini. Lakini urefu wa mmea usimdanganye mtu: baada ya kukausha, majani hupukutishwa na shina hutupwa. Jasmonati, nazo homoni za mimea, hufuata njia nyingine. Huamsha jeni zinazotengeneza artemisinini na kuongeza vinyweleo vya tezi, ila huweza kudumaza ukuaji.

Hapo ndipo ripoti nyingi hupotosha, kwa kutaja asilimia peke yake. Tuseme hekta moja inatoa kilo 2,000 za majani makavu yenye asilimia 0.8: hiyo ni kilo 16 za artemisinini. Dawa ikipandisha kiwango hadi asilimia 1.0 huku majani yakishuka hadi kilo 1,600, zinabaki kilo 16 zilezile, na mkulima amelipia dawa na kibarua. Kipimo cha haki ni kilo za artemisinini kwa hekta.

Siku ya kuvuna nayo ina uzito. Mmea huu huchanua siku zinapokuwa fupi, na karibu na ikweta, penye mchana wa saa 12 hivi, huwahi kuchanua kabla majani hayajawa mengi. Kiwango cha artemisinini hupanda kuelekea kuchanua. Homoni ikiharakisha au kuchelewesha hatua hiyo, kuvuna vitalu vyote tarehe moja hulinganisha mimea ya umri tofauti. Kila kitalu kivunwe kikifikia hatua ileile ya vitumba vya maua.