Picha za Upeo wa Milima: Uhakiki wa Istilahi

Wapiga picha wa milima wameongezeka nchini tangu simu zilipoanza kubeba kamera, na pamoja nao yameongezeka maneno ambayo hayajapitia mikononi mwa wanaistilahi. Katika makala haya tunayapima machache, kwa mifano ya Wilaya ya Kilosa, ambako Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, humpa mpigaji uwanda wa Mkata ulio wazi na milima pembeni mwake.

Tuanze na mpigaji mwenyewe. Baadhi ya wafasiri humwita mtu mwenye uraibu wa picha. Uraibu hapo kale ulikuwa tambuu, tumbaku na vitu vya jinsi hiyo vinavyotafunwa kwa mazoea. Leo ofisi za afya zimelichukua neno hilo kwa ajili ya dawa za kulevya. Mtumishi atakayeliandika katika fomu ya maombi ya kazi atakuwa amemshitaki mwombaji bila kujua. Wanamichezo wametutangulia kwa neno ridhaa, nasi hatuoni sababu ya kulikataa: mpiga picha wa ridhaa.

Dhana iliyo ngumu zaidi ni panorama. Neno hilo si urithi wa Waingereza. Lilitungwa kwa mizizi ya Kigiriki yenye maana ya kuona kote, likapewa michoro ya mviringo ya Robert Barker, aliyepata hataza ya uvumbuzi wake mwaka 1787. Ikiwa wao walitunga, nasi tunaweza kutunga. Mandhari halitoshi, kwani picha ya mvumo mmoja (huo mti uliyoipa Mikumi jina lake) nayo ni ya mandhari. Picha pana, inayopendwa na walimu, hutaja umbo la karatasi tu: kata picha yoyote juu na chini, nayo itakuwa pana. Sifa bainifu ya dhana hii ni jicho kuzunguka. Mtu aliyesimama Mkata huanza na Uluguru upande wa mashariki, akageuka taratibu hata akafika Rubeho upande wa magharibi, akiufuata mstari ambapo nchi hukutana na mbingu. Mstari huo Kiswahili kina jina lake, upeo wa macho. Tunapendekeza picha ya upeo, na inayozunguka nyuzi 360 iitwe picha ya upeo kamili. Upeo pia una maana ya kikomo, ni kweli, lakini muktadha wa picha huondoa utata huo.

Picha hiyo mara nyingi hutokana na picha kadhaa zilizofanywa moja. Wengine husema kuzishona. Kwetu shoneni hubaki alama ya uzi, ilhali mpigaji hutaka alama isionekane. Mganga huunga mfupa, seremala huunga mbao. Basi picha nazo ziungwe, na mshono libaki kuwa jina la kasoro, yaani ule mstari unaoonekana pale mpigaji alipohama kwa hatua chache na mti wa karibu ukatokea umekatika mbele ya mlima. Sehemu ya picha moja inayorudiwa katika ya pili wengi huiita mwingiliano. Neno hilo lina kazi nyingine nyingi. Waezekaji husema makuti hulaliana, nasi twaweza kusema picha zilaliane kwa theluthi moja; hata mwanafunzi wa darasa la tano ataelewa.

Baada ya hapo picha hupelekwa mtandaoni, na hapa ndipo penye kosa linaloenea kwa kasi kuliko yote. Vitufe vya simu zilizotafsiriwa huandika Shiriki. Mtu hushiriki harusi, mkutano au mazishi; hashiriki picha. Anayesema "nimeshiriki picha ya Rubeho" amedai, kwa Kiswahili sanifu, kwamba alikuwa mmoja wa walioipiga, hata kama kazi ni ya mwingine. Jasho la mpigaji hupotea katika kitenzi kimoja. Kushirikisha nako humtaka mtu awe yambwa: nimewashirikisha wenzangu picha hii. Kwa kitufe, Sambaza hutosha.

Lipo pia tatizo la maelezo chini ya picha. Kila mlima unaoonekana kutoka hifadhini huandikwa "milima ya Mikumi", jina ambalo wenyeji hawalitumii. Malundwe imo hifadhini. Uluguru, Rubeho na Vidunda ni safu nyingine, na picha iliyopigwa kaskazini mwa mji wa Kilosa yaweza kuwa na Ukaguru. Picha ya upeo hubeba safu kadhaa kwa mara moja, hivyo jina moja haliwezi kuitosha. Mwandishi na ataje mahali aliposimama, kisha safu zote kuanzia kushoto kwenda kulia, kwa majina wanayoyatumia Wasagara, Wakaguru na Wavidunda wanaoishi humo.