Waraka Uliofika Bologna

Mwaka 2002, katika kampuni ya Procter & Gamble yenye makao yake Cincinnati, Marekani, lilizuka shauri la kuchapa picha na maneno juu ya kila krispi ya Pringles; nalo, ijapokuwa kwa mtazamaji lingeonekana jambo la mzaha, liliwataabisha mafundi, kwa kuwa picha ilipasa kuchapwa mara tu krispi itokapo mafutani, ingali ya moto na yenye unyevu, kwa rangi kadha wa kadha, na kwa maelfu ya krispi kila dakika.

Kwa desturi ya zamani jambo hilo lingaliachiwa watafiti wa kampuni yenyewe, waliokuwa kiasi cha 7,500, likawachukua miaka miwili au zaidi. Lakini A. G. Lafley, aliyeshika uongozi mwaka 2000, alikwisha kuazimia kwamba nusu ya bidhaa mpya zipate asili yake nje. Maana kwa makadirio ya kampuni yenyewe, kwa kila mtafiti wake mmoja walikuwapo ulimwenguni wengine 200 wenye ilimu kama yake. Basi ukaandikwa waraka wa kulieleza tatizo, ukapitishwa kwa watu na taasisi za nchi mbalimbali, hata akapatikana Bologna, Italia, profesa mwenye duka dogo la mikate, aliyekwisha kubuni njia ya kuchapa keki na biskuti kwa wino unaolika.

Wengi husifu bahati ya kumpata mwokaji huyo. Mimi nausifu waraka. Lau ungaliuliza tu namna ya kuzipamba krispi, mtu wa keki angedhani haumhusu. Kuuliza kwa namna ya kumfikia yeye kwahitaji kwanza maarifa ya ndani yakusanywe kutoka idara zote, ijulikane dhahiri lipi limekwisha kutatuliwa na lipi limeshindikana, kisha haja itenganishwe na bidhaa, na siri za kiwanda zisitiriwe. Hapo ndipo kampuni nyingi kubwa hukwama: hufungua milango kwa wageni ilhali idara zao wenyewe hazijuani.

Wala jibu halikuja likiwa tayari. Keki si krispi ya viazi iliyokaangwa, na waliojua tabia ya mafuta na unyevu ndio walioigeuza hikima ile ikafaa kiwandani. Mwaka 2004 krispi zenye picha zikaingia sokoni. Na kufikia 2006 zaidi ya asilimia 35 ya bidhaa mpya za kampuni zilikuwa na sehemu iliyotoka nje, kutoka asilimia 15 hivi mwaka 2000.